Nta Ngumu au Nta Laini: Ipi Ifaayo kwa Vielelezo vya Kusubu Fedha

Sonara anayesubu fedha kwa njia ya nta hutengeneza kwanza, kwa nta, kitu kilekile anachotaka kukipata: pete kamili au kidani kamili, kwa ukubwa wake halisi na kwa kila mkunjo wake. Kielelezo hicho huzikwa ndani ya uji wa jasi maalumu iliyochanganywa na silika, na jasi ikishashika huingizwa tanurini, ambamo nta huyeyuka, hutiririka na hatimaye huungua mpaka isibaki chembe. Katika uwazi unaobaki ndimo fedha iliyoyeyuka humiminwa. Kwa kuwa kielelezo kimoja huzaa kitu kimoja tu kisha hutoweka, na kwa kuwa fedha hunakili kila ilichokikuta ndani ya kalibu, hata mkwaruzo wa tupa na alama ya kidole, uchaguzi wa nta una uzito mkubwa kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani wanapoanza.

Wanaoanza huniuliza swali moja. Je, wanunue nta ngumu ya kuchonga, ile ya kijani, zambarau na buluu inayouzwa kwa vipande na kwa mirija, au watumie nta laini ya kufinyanga, ambayo hapa kwetu karibu kila mara ni nta ya nyuki iliyochanganywa na kitu kingine? Jibu langu hutegemea mambo mawili: umbo la kitu kinachotakiwa, na joto la chumba ambamo kazi itafanyiwa. Jambo hilo la pili husahauliwa kwa urahisi na walimu wa ufundi wa nchi za baridi, nao hawana lawama, kwa sababu vyumba vyao haviwalazimishi kulikumbuka. Mimi hufanyia kazi Mombasa, ambako mchana wa kati ya Januari na Machi joto hufika nyuzi 32 au 33 za sentigredi kivulini, na nimejifunza kwamba joto la namna hiyo huamua mengi kabla fundi hajashika kisu.

Kuchonga na kufinyanga

Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64, lakini hulainika mapema sana kabla ya kufika hapo, na ikikaa kidogo baina ya vidole hupindika na kunyooka upendavyo. Ukiiongezea ulimbo wa msonobari hushupaa na kushikana zaidi; ukiiongezea mafuta kidogo hulainika. Nta ngumu ya masonara ni kitu kingine kabisa. Hutengenezwa kiwandani kwa kuchanganya nta za namna kadhaa na polima, huyeyuka karibu na nyuzi 115, na katika joto la kawaida la chumba haipindiki wala haiachi alama ya kidole. Hukatwa kwa msumeno, hupigwa tupa, hutobolewa kwa kekee na hukwanguliwa kwa kisu, na vumbi lake hudondoka mezani kama unga wa mbao.

Kwa hiyo tofauti iliyopo si ya ugumu tu, bali ni ya namna ya kufikiri. Kwa nta ngumu fundi huanza na donge na kupunguza mpaka umbo litokee, kama afanyavyo mchonga vinyago wa Kimakonde mbele ya gogo la mpingo. Kwa nta laini huanza na kidogo na kuongeza, kama mfinyanzi anayepandisha ukingo wa chungu. Nimewaona watu waliolelewa kwenye useremala wakihangaika siku nzima na nta laini, kisha wakachonga pete nzuri ya nta ngumu kwa saa tatu. Na nimemwona mfinyanzi ambaye hakuweza kabisa kuvumilia tupa. Mkono uliozoea kazi moja tayari una upande wake, na si busara kuushurutisha bila sababu.

Miongoni mwa nta ngumu zenyewe zipo daraja. Katika mfululizo wa nta za chapa ya Ferris, unaojulikana sana miongoni mwa masonara, nta ya kijani ndiyo ngumu kuliko zote: hushika ncha kali na mistari myembamba, lakini ikilazimishwa huvunjika kwa kishindo kidogo kama kigae. Ya buluu ina unyumbufu, huvumilia kushikwa kwa nguvu na ni rahisi kukata kwa kisu, ila kingo zake hazikai wima na kali kama za kijani. Zambarau iko katikati. Tahadhari moja ni ya lazima hapa: rangi si lugha moja kwa watengenezaji wote, na hata nta ya kusukumwa ikiwa imeyeyuka ndani ya kalibu za mpira, ambayo huyeyuka kwa joto la chini zaidi na haifai kuchongwa kwa tupa, huweza kuwa ya kijani au ya buluu. Muulize muuzaji nta hiyo ni ya kazi gani, usiulize rangi pekee.

Pete ya muhuri: hapa nta ngumu haina mshindani

Chukua pete ya muhuri, yenye uso bapa juu na mabega yanayoshuka kwa mteremko sawa kila upande. Uzuri wake wote umo katika usawa: uso uwe bapa kweli, mabega yafanane, tundu liwe duara. Kufinyanga bapa halisi kwa vidole ni kazi ya kukatisha tamaa, kwa maana kila unapokandamiza upande mmoja upande mwingine huinuka. Nta ngumu huipata bapa hiyo kwa mipapaso michache ya tupa au kwa kusuguliwa juu ya msasa uliowekwa kwenye kioo.

Kazi huanza na mrija wa nta uliotengenezwa mahsusi kwa pete, wenye tundu tayari na upande mmoja bapa. Kipande hukatwa kwa msumeno wa uzi uliosokotwa, kwa kuwa uzi wa kawaida wa kukatia fedha una meno madogo mno, nayo hujaa nta na kunasa. Tundu hupanuliwa kwa kijiti cha mviringo chenye wembe ubavuni, ukikizungusha upande huu mara chache na upande wa pili mara zilezile, la sivyo tundu hutoka na umbo la pia. Baada ya hapo bikari ya chuma huchora mstari wa katikati kuuzunguka mzingo wote, na mistari mingine miwili inayolingana kutoka katikati hiyo. Mistari hiyo ndiyo dira; fundi anayekwangua bila mistari hutegemea jicho, na jicho huchoka. Tupa kubwa yenye meno mapana huondoa nta nyingi mwanzoni, tupa ndogo hufuata, kisha kisu huburuzwa kwa ubavu wake ili kukwangua mikwaruzo, na mwisho kipande cha soksi ya nailoni husugua uso mpaka ung'ae kwa upole.

Tundu la pete lina hesabu zake. Fedha ikipoa husinyaa kidogo, kwa hiyo tundu hupungua. Lakini kusafisha na kupiga msasa ndani ya pete hulipanua tena. Mimi huliacha dogo kwa kadiri ndogo kuliko kipimo cha kidole, kwa sababu kulipanua ndani ya fedha ni kazi ya dakika chache, ilhali kulipunguza hudai kukata pete na kuilehemu upya.

Herufi za muhuri huleta swali dogo lenye jibu lisilo la moja kwa moja. Mistari mipana na yenye kina huchongwa vyema katika nta ya kijani, hasa ukikumbuka kwamba muhuri unaogonga sharti uandikwe kinyume. Mistari myembamba kama unywele, hata hivyo, huipoteza makali yake wakati wa kusafisha fedha, na ni afadhali ikatwe kwenye fedha yenyewe baada ya kusubu. Nta laini haifai kwa herufi za aina yoyote ile. Kisu kikipita hupandisha matuta pande zote mbili za mstari, na ukiyakandamiza matuta, mstari hujifunga.

Kasa: hapa nta laini hupata haki yake

Sasa chukua kidani chenye umbo la kasa anayeogelea, urefu wa milimita 25, makasia ya mbele yamekunjuka, shingo imegeuka kidogo. Fundi wa nta ngumu atamchonga, na wapo wanaomchonga kwa ustadi mkubwa, lakini atalazimika kuamua tangu mwanzo kila kasia litakuwa wapi, maana akishaondoa nta mahali fulani hairudi kwa urahisi. Fundi wa nta laini humgeuza shingo kasa huyo mara kumi mpaka mwendo wake uonekane hai. Viumbe, majani yaliyojikunja, nywele, mikunjo ya nguo, uso wa mtu: hivi vyote hupendelea nta inayokubali shauri.

Vidole vyenyewe hufanya kazi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Vijiti vya chuma vya madaktari wa meno, sindano iliyopachikwa kwenye mpini wa mbao, na kijiti cha mianzi kilichonolewa ndivyo hufinyanga. Chombo huchovywa kwenye maji kila mara ili kisinatie nta. Kichwa na makasia huunganishwa kwa ncha iliyopashwa moto juu ya taa ya spiriti, kwa kuyeyusha pande zote mbili za kiungo kwa pamoja, kwa sababu nta ya moto ikiwekwa juu ya nta baridi hushika kwa juu tu na huachana jasi inapomiminwa. Gamba la kasa ndilo lililonifundisha mpaka wa nta laini. Lina vigae vitano vya katikati na vinne kila ubavu, na mifereji inayovitenganisha inatakiwa iwe safi. Nilipojaribu kuikata kwenye nta ya nyuki wakati wa adhuhuri, kila mfereji niliochora uliufunga ule niliotangulia kuuchora.

Suluhisho nililolifuata tangu siku hiyo ni kuchanganya. Gamba hulichonga kutoka nta ngumu ya zambarau, nikalichimba kwa chini mpaka liwe kama bakuli, kisha kichwa na makasia huyafinyanga kwa nta laini na kuyaunganisha. Kiungo cha nta mbili zisizofanana kinahitaji subira: nta laini huyeyuka mapema sana, nta ngumu bado haijashtuka, na kinachoonekana kimeshikana huwa kimelaliana tu. Hutoboa tundu dogo kwenye nta ngumu, nikalijaza nta laini iliyoyeyuka, na kuupasha moto ukingo wa nta ngumu wenyewe mpaka uonyeshe unyevu kabla ya kuvikutanisha viwili hivyo. Baadhi ya mafundi hupinga mchanganyiko huu wakisema nta moja inatosha kwa kazi moja. Sikubaliani nao, fedha haijui nta ilikuwa ya aina gani, ilijuayo ni umbo.

Nta nyingine mbili za kupita haraka

Karatasi za nta, ambazo huuzwa kwa unene wa sehemu za milimita hadi milimita moja na zaidi, hufaa pale unene sawa unapohitajika: jani la mwarobaini la hereni, utepe, ukuta wa kisanduku kidogo. Nyuzi za nta hufaa kwa vishikizo vya kito na kwa mapambo ya kusokota. Waasante wa Ghana, waliosubu vipimo vyao vya uzito, vile vya kuwekwa kwenye mizani ya kupimia dhahabu, kwa njia ya nta ya nyuki, walisokota nyuzi nyembamba za nta na kuzilaza moja kando ya nyingine, na hadi leo ukitazama vipimo hivyo vya shaba unaona wazi kwamba mistari yake ni nyuzi, si mikato ya kisu. Mafundi wa Dhokra nchini India hufanya hivyohivyo juu ya kiini cha udongo. Hapa kwetu pwani, siwa ya shaba ya Lamu, lile baragumu la heshima, nayo ilisubiwa kwa njia ya nta, na yeyote anayedhani ufundi huu ni mgeni kwetu na aitazame.

Parafini ya mishumaa ndiyo rahisi kupatikana, na kwa bahati mbaya ndiyo isiyofaa ikiwa peke yake. Chini ya kisu hukatika kwa magamba, haishiki ncha, na ikipoa baada ya kuyeyushwa husinyaa na kubonyea katikati. Kidogo kikichanganywa katika nta ya nyuki huipunguza unato, na huo ndio mwisho wa manufaa yake mezani pangu.

Joto la chumba

Nilikwisha kueleza kwamba joto huamua mengi. Mwaka fulani, mwezi wa Februari, niliacha kielelezo cha nta ya nyuki juu ya kizingiti cha dirisha nikaenda kula. Jua lilikuwa bado halijafika pale nilipoondoka. Niliporudi makasia yalikuwa yamelala kifudifudi na shingo imezama. Kazi ya siku mbili iliisha ndani ya saa moja. Nta ngumu iliyokuwa imelala pembeni yake haikubadilika chochote.

Anayeishi Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Lamu au Maskati, na asiye na kiyoyozi, inambidi aipangie nta laini ratiba. Mimi huifanyia kazi alfajiri na usiku, na mchana huishughulikia nta ngumu. Bakuli la maji baridi hukaa mkono wa kushoto muda wote, na kielelezo huzamishwa kila kinapoanza kulegea. Ulimbo ukiongezwa husaidia, ingawa ukizidi nta hunata kwenye kila kitu. Jokofu lipo, lakini kielelezo kinachotoka humo hufunikwa na matone ya unyevu, na nta laini iliyopozwa mno hupasuka mahali palipo pembamba; heri maji.

Nyanda za juu mambo hugeuka. Njombe mwezi wa Julai, au Nairobi asubuhi ya mwezi huohuo, nta ya nyuki hukaza, na kukunja uzi mwembamba huuvunja. Huko fundi huweka taa karibu au huilaza nta kwenye maji vuguvugu, na nta laini humtii kwa utulivu ambao sisi wa pwani huupata kwa nadra. Kwa hiyo mtu wa Iringa akikuambia nta laini ni rahisi, na mtu wa Malindi akakuambia ni balaa, wote wawili wamesema kweli kuhusu nta ileile.

Makosa na uzito

Watu huichagua nta laini kwa kuwa kosa lake hurekebishika. Ni kweli kwamba hurekebishika papo hapo. Umbonyeo hujazwa kwa kipande kidogo na kulainishwa. Lakini urahisi huo una gharama: kazi haina mwisho. Kila ushikapo kielelezo ili kurekebisha mkia, huharibu kichwa. Kosa la nta ngumu ni la aina nyingine. Likitokea ni kubwa, kwa sababu nta imekwisha kuondoka, na kulijaza kunataka ncha ya moto na nta ya rangi ileile, idondoshwe tone baada ya tone, iachwe ipoe kabisa kabla ya kupigwa tupa. Tone lililowekwa kwa pupa huficha kiputo cha hewa, na kiputo hicho hufunuka unapokwangua, tena kwa kawaida mahali ulipotaka pawe laini zaidi. Pamoja na hayo, kila sehemu uliyoimaliza kwenye nta ngumu imemalizika. Ukiirudia kesho utaikuta kama ulivyoiacha, na kwa mwanafunzi jambo hili lina thamani kubwa kuliko uwezo wa kufuta.

Uzito nao ni hoja ambayo wengi huikumbuka wakati wa kulipa. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000, zilizobaki zikiwa kwa kawaida shaba nyekundu, ina uzito wa takriban mara kumi na nusu ya nta kwa ujazo uleule. Pima kielelezo kwa mizani ya vito, zidisha kwa 10.5, nawe umepata gramu za fedha kabla ya kuongeza ile ya njia inayoipitisha fedha hadi kwenye kalibu na ya kikombe cha kumiminia. Pete ya nta ya gramu 0.8 itakuwa na gramu 8.4 za fedha. Pete ya kwanza niliyoichonga ilikuwa na gramu 2.1 za nta, nami niliipenda sana; ilitoka na gramu 22, na hakuna aliyeweza kuivaa kwa zaidi ya nusu siku.

Hapa nta ngumu ina ubora ambao nta laini hauwezi kuufikia. Hupitisha mwanga. Ukiishika mbele ya taa, sehemu nene huonekana nyeusi na sehemu nyembamba hung'aa, na ukichimba uso wa muhuri kutoka ndani kwa kisu cha duara unaona jinsi ukuta unavyopungua. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, huthibitisha. Mimi huacha milimita 1.2 juu ya uso na si chini ya 0.8 penginepo, kwa sababu kuta nyembamba zaidi huweza kugandisha fedha kabla haijafika mwisho, na kwa sababu tupa na msasa vitakula kidogo baadaye. Kuichimba nta laini kwa ndani bila kuibonyeza kwa nje ni kazi ninayoiepuka. Ndiyo sababu nyingine ya gamba la kasa wangu kuwa la nta ngumu.

Tanurini

Nta laini ni rafiki wa tanuri. Hutiririka mapema na nyingi yake huwa imetoka kabla joto halijawa kali. Nta ngumu hukawia, na kabla haijatiririka hupanuka. Kipande kinene kikipashwa haraka kinaweza kuipasua kalibu, na fedha ikamiminika ndani ya nyufa na kutoka na mapezi membamba yanayochukua saa nyingi kuyaondoa. Tiba ni kulikalisha tanuri kwenye nyuzi 150 kwa saa mbili au zaidi, kisha kulipandisha taratibu hadi karibu nyuzi 730, na kulikalisha tena mpaka weusi wote wa kaboni uishe na kalibu iwe nyeupe. Kupita mno kiwango hicho si ushujaa: jasi huanza kuvunjika na kutoa gesi ya salfa ambayo huichafua fedha. Baada ya hapo kalibu hupozwa hadi kiasi cha nyuzi 500, na fedha ya 925, ambayo huwa imeyeyuka yote ifikapo takriban nyuzi 893, humiminwa ikiwa na joto la juu kidogo kuliko hapo. Asiye na tanuri la kupimika joto, anayetegemea makaa, atakuwa salama zaidi na nta laini au na nta ngumu iliyochimbwa ikawa nyembamba. Kwa vyovyote vile nta iungulie mahali penye upepo, na anayekoroga unga wa jasi avae barakoa nzuri, kwa kuwa silika iliyomo huharibu mapafu polepole na haitoki.

Vielelezo vinavyochapishwa kwa mashine ya kompyuta kutoka utomvu maalumu vipo, na kwa umbo la kihesabu, kama vile kishikio cha vito ishirini vinavyolingana, ni bora kuliko mkono wangu. Vingi vyao hudai ratiba ndefu zaidi ya kuunguza kuliko nta, na ukiifupisha hubakiza majivu. Kwa asiye na mashine, na anayetaka kujifunza umbo kwa mkono, si mbadala wa hoja iliyopo hapa.

Ununue nini

Kwa anayeanza na anayeishi pwani, ushauri wangu ni mrija mmoja wa pete na kibao kidogo cha nta ya zambarau, tupa mbili, kisu, bikari na kalipa. Si kijani, kwa sababu uvunjikaji wake humwadhibu asiyejua kupima nguvu. Wala si buluu, kwa sababu humfundisha uvivu wa kingo. Achonge pete tatu kabla ya kugusa nta laini. Anayeanzia Iringa au Njombe, na ambaye moyo wake uko kwenye viumbe na majani, aanze na nta laini bila hofu, ila anunue na kipande kidogo cha nta ngumu kwa ajili ya sehemu bapa. Mwenye mkono wa mfinyanzi nisingemzuia kuanza na nta laini hata akiwa Mombasa, mradi akubali kuamka mapema.

Nta ngumu huagizwa kwa wauza vifaa vya masonara, na kwa wengi wetu hutoka ng'ambo, kwa hiyo agizo moja la pamoja la mafundi wachache hupunguza gharama ya usafirishaji. Chembechembe zake usizitupe: zikusanye kwa rangi, uziyeyushe polepole kwa moto mdogo, nazo zitakuwa nta yako ya kujazia makosa. Nta ya nyuki iko kwetu kwa wingi, hasa kutoka misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Kigoma. Ile ya mzinga huja na miguu ya nyuki, utomvu na mchanga, kwa hiyo iyeyushe ndani ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa mara mbili, iache igande, kisha ukwangue tabaka chafu la chini.

Na kila nta usiyoijua asili yake, iwe umeinunua sokoni au umepewa na fundi mwenzako, ijaribu kwanza kabla ya kuipa siku zako mbili. Weka kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kwenye kijiko cha chuma, nje ya nyumba, ukiunguze mpaka moto uzime na kijiko kiwe chekundu. Kikipoa, pitisha kidole. Kijiko kikiwa safi, nta hiyo inafaa kusubia. Ukikuta unga wowote, mweupe au wa rangi, huo ungebaki ndani ya kalibu na kutoboa uso wa fedha yako vijitundu, na nta hiyo ni ya mishumaa.